Chenji, Spika na Omena: Kuishi na Kero Ndogo Bila Kuumizana

Gari limetoka Rongo kuelekea Homa Bay. Abiria mmoja ametoa noti ya mia mbili na anadai hamsini yake. Konda amemwambia atapata Rodi Kopany. Rodi imeshapitwa, konda anaongea na simu, na yule abiria ameanza kuhisi joto likimpanda shingoni. Kabla gari halijafika steji, watu wawili wazima wanatukaniana mama zao mbele ya watoto, kwa pesa isiyotosha hata kilo ya unga.

Kila nyumba ya Migori na Homa Bay ina orodha yake ya mambo kama haya. Spika ya jirani inayoanza kunguruma watoto wakishalala. Mbuzi asiye na mwenyewe anayekanyaga omena iliyoanikwa tangu alfajiri. Stima kupotea dakika ya themanini ya mechi. Trela la miwa linalojikokota mbele yako kutoka Awendo huku dereva wake akiwa hana habari na foleni iliyo nyuma. Mtu anayeingiza jerikeni lake mbele ya mengine kisimani kana kwamba wengine ni miti. Makala haya yanaeleza kwa nini vitu vidogo hivi hutuwasha kuliko vinavyostahili, nini cha kufanya hasira inapopanda, na njia za kuiondoa kero yenyewe, maana nyingi zina dawa na wengi wetu hatuijui.

Tuanze kwa kukubaliana jambo moja: kero ni ya kweli. Hamsini ni yako. Usingizi ni wako. Anayekuambia "achana na hiyo, ni kitu kidogo" anakuongezea hasira, kwa sababu anakuambia huna haki hata ya kulalamika. Ila ule ukali, ile hamu ya kumshika mtu kola, hautoki kwenye hamsini. Ulikuwa umejaa tangu asubuhi, na karibu kila mara humwangukia mtu ambaye hawezi kukujibu.

Hasira hujaa wapi

Mwaka 1981, Allen Kanner, Richard Lazarus na wenzao wa Chuo Kikuu cha California walichapisha utafiti waliowafanyia watu wazima 100. Walitaka kujua kipi kinachomchosha mtu akili zaidi, yale makubwa ya maisha kama msiba na kupoteza kazi, au kero za kila siku. Waligundua kwamba kero ndogondogo zilieleza hali ya mtu ya kiakili vizuri kuliko yale makubwa.

Ukilifikiria jambo hili hapa kwetu, halishangazi. Mtu akifiwa, watu humiminika. Majirani huleta sukari, majani na kuni, hema husimamishwa, wajomba hulala bomani. Nani amewahi kuja na sukari kukupa pole kwa chenji? Kero ndogo hubebwa peke yake, kimyakimya, na ya leo hupandishwa juu ya ya jana. Na kama mfukoni ni pakavu, kila moja huja na uzito wa ziada. Kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ili samaki wazaane, mama anayeishi kwa biashara hiyo pale Sori au Mbita hahesabu hamsini kama anavyoihesabu mwezi wa Oktoba. Anayemcheleweshea chenji mwezi wa Mei hajui amegusa nini.

Mwili nao una mchango wake. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba msisimko wa mwili hauishi pale kilichouleta kinapoisha. Moyo uliokimbia kwa ajili ya jambo moja hubaki ukikimbia, na jambo la pili likija hupokea moto wa la kwanza. Bodaboda imekukosakosa karibu na Awendo saa kumi jioni. Saa kumi na moja unaingia nyumbani, mtoto anamwaga uji. Unachomfokea ni ile bodaboda.

Joto husaidia kuichochea hali hiyo. Mwaka 1986, watafiti Douglas Kenrick na Steven MacFarlane waliripoti jaribio walilofanya katika mji wa Phoenix, Arizona, ambako gari lilisimama makusudi taa ikiwa ya kijani. Kadiri siku ilivyokuwa ya joto ndivyo waliokuwa nyuma walivyopiga honi zaidi, hasa wale waliofungua madirisha kwa kuwa hawakuwa na kiyoyozi. Anayeijua Homa Bay saa nane mchana mwezi wa Februari, ndani ya Probox iliyobeba watu kuliko viti vyake, haelezwi zaidi.

Usingizi ni habari nyingine kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Matthew Walker akiwa mmoja wa walioufanya, uliwapima watu walionyimwa usingizi kwa kutumia mashine inayosoma ubongo. Ile sehemu ya ndani inayopiga kengele ya hatari, amigdala, iliitikia picha mbaya kwa asilimia 60 zaidi ya waliolala vizuri. Sasa fikiria ni watu wangapi katika kaunti hizi mbili wasiolala usiku. Wavuvi wa omena hukesha ziwani na taa zao. Wauguzi wako zamu. Wachimba dhahabu wa Macalder huingia shimoni saa zote. Akina mama wenye watoto wachanga hatuwahesabu kabisa, kana kwamba kukesha kwao si kazi. Mtu wa namna hiyo akikujibu vibaya asubuhi, ubongo wake unasukumwa na uchovu kabla hata hujafungua mdomo.

Njaa ongeza wewe mwenyewe.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao unanigusa kuliko yote. Mwaka 1968, Anthony Doob na Alan Gross walichapisha jaribio kama lile la taa ya kijani, ila wao walibadilisha gari lililoziba njia. Wakati mwingine lilikuwa jipya la bei, wakati mwingine kuukuu. Gari kuukuu lilipigiwa honi upesi na mara nyingi zaidi. Kosa lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni hadhi ya aliyelitenda.

Tujitazame hapo. Abiria humfokea konda kijana, hamfokei mwenye gari. Konda naye humgeukia mama mwenye beseni la samaki. Mama hufika nyumbani na kumchapa mtoto aliyesahau kufungia kuku. Mtoto humpiga mbwa mateke. Ukiifuatilia hamsini ile utakuta imeteremka ngazi kwa ngazi mpaka kwa asiyekuwa na wa kumteremshia. Naamini ubaya wa hasira ndogo uko hapo zaidi ya mahali pengine popote, na ndiyo sababu naliandika jambo hili kwa uzito.

Kipimo chake ni rahisi. Jiulize: kosa hili angelifanya mkuu wa kituo cha polisi, ningesema maneno haya, kwa sauti hii? Kama jibu ni hapana, basi breki unazo na zinafanya kazi. Umechagua tu kutozikanyaga kwa sababu aliye mbele yako ni mdogo.

Dakika za kwanza

Hasira ikipanda, mwili humwaga adrenalini, moyo hukaza mwendo, misuli hujikunja na macho huona jambo moja tu. Hali hiyo haishushwi kwa hoja. Inashushwa kwa mwili, na huchukua muda, mara nyingi dakika 20 au 30. Ndani ya muda huo usiamue jambo, usitume ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, usimpigie mwenye nyumba.

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita au nane. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoupunguza mwendo wa moyo. Rudia mpaka uone mabega yameshuka. Kama umesimama, keti. Kunywa maji. Nawa uso na shingo, hasa huku ziwani kwenye joto. Kama unaweza kuondoka, ondoka, lakini sema unaondoka: "Nimekasirika, naenda nje kidogo, nitarudi tuongee." Kuondoka bila neno huchukuliwa kama dharau na huwasha moto wa pili.

Wengi hushauriana kwamba hasira inataka kutolewa, piga mto, vunja kikombe, piga kelele shambani. Ushauri huo si sahihi. Brad Bushman, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 2002 jaribio ambalo watu waliochokozwa walipewa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka hapo wakiwa na hasira zaidi ya wale walioketi kimya bila kufanya lolote. Mwaka 2024, yeye na Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 na kukuta mambo yaleyale: yanayoupoza mwili, kama pumzi, kulegeza misuli, kutafakari na kutulia, hupunguza hasira. Yanayouchemsha hayasaidii, na kukimbia kunaweza hata kuiongeza. Kukimbia ni kuzuri kwa moyo, ila kimbia siku nyingine.

Ogopa pia kuisimulia hasira yako. Mtu mmoja anayesikiliza vizuri anatosha. Ukiisimulia kazini, kisha sokoni, kisha kwa shemeji, kila mara mwili huiishi upya na konda huongezeka ubaya.

Wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo wana sababu ya ziada. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Harvard ulionyesha kwamba katika saa mbili baada ya mlipuko wa hasira, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda karibu mara tano kuliko saa za kawaida. Kwa mtu mwenye afya, mara tano ya kitu kidogo sana bado ni kidogo. Kwa anayemeza dawa za presha, au anayeziruka, hesabu hiyo ni tofauti, na mwenye kulipuka kila siku huirudia kila siku.

Chenji na pesa iliyopotea njia

Ugomvi wa chenji huanza kwenye steji, kabla gari halijawashwa. Vunja noti yako kwa muuza maji au njugu. Kama konda anapokea M-Pesa, lipa nauli kamili kwa simu, na hakuna atakayekudai wala utakayemdai. Ukilazimika kutoa noti kubwa, itaje huku ukiitoa, abiria wa pembeni wasikie: "Konda, hii ni mia mbili, nauli ni mia na hamsini." Halafu kumbusha mapema, sauti ikiwa bado ya kawaida. Kijana wa rika lako utamwambia, "Omera, usinisahau na ile hamsini." Konda mwenye umri mwite mzee. Wengi huiacha mpaka mita mia za mwisho, wakati konda ana milango miwili ya kufungua na abiria sita wa kudai, halafu wanashangaa anawajibu ovyo.

Akikataa kabisa, usimshike. Chukua nambari ya gari na jina la sacco lililoandikwa ubavuni, kisha uende kwa wasimamizi wa sacco pale steji. Wao ndio wanaoweza kumkalisha konda chini. Malalamiko mazito, kama kubebwa kupita kiasi au mwendo wa hatari, hupelekwa kwa polisi wa trafiki au NTSA. Wenye umri watakumbuka Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kazi na kila abiria wa matatu akapata kiti na mkanda wake. Kwa miaka mingi kabla ya hapo abiria walimgombeza konda kwa kubanwa, na kubanwa kukaendelea. Kilicholitikisa jambo lile ni kanuni na msimamizi wake. Usimamizi umelegea tangu wakati huo, kama tunavyoona kwenye Probox zetu, lakini mlango wa kugonga ni uleule.

Kuhusu pesa iliyotumwa kwa nambari isiyo yake, kero ambayo imewaliza wengi tangu M-Pesa ianze mwaka 2007: jina la mpokeaji huonyeshwa kabla muamala haujakamilika. Lisome. Ukishakosea, usimpigie aliyepokea kwa matusi, kwani ukimwudhi atatoa pesa yote kwanza. Tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja, pesa ikiwa bado kwenye akaunti yake nafasi yako ni nzuri. Na wewe ukipigiwa na mtu anayelia kwamba amekutumia kimakosa, usimrejeshee kwa mkono wako. Angalia salio, na umwambie naye atumie 456. Matapeli hutegemea huruma yetu na haraka yetu.

Kelele za usiku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna kero inayovunja ujirani kama spika. Inakunyima usingizi, usingizi ukikosekana kila kero nyingine huongezeka ukali, na inakujia ndani ya nyumba yako ambako huwezi kuikimbia. Tunazo aina zake: baa za ufukweni, mikesha ya maombi yenye spika zinazotazama nje, kijana wa ploti aliyenunua woofer, na disko matanga, ambayo maafisa wa utawala wameipiga marufuku zaidi ya mara moja na ambayo hurudi kila msimu, kwa hasara kubwa ya wasichana wa shule.

Sheria iko. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, zinahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na katika maeneo ya makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35, karibu na sauti ya watu wanaonong'onezana. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na bughudha nyingine za umma. Kwa hiyo ofisi ya mazingira ya kaunti, Migori na Homa Bay pia, haiwezi kukuambia kwamba jambo hilo haliihusu.

Hata hivyo sheria isiwe neno la kwanza. Nenda kwa jirani mchana, siku ambayo hakuna muziki. Usiende saa sita usiku ukiwa umevaa leso na hasira, wakati yeye amelewa na marafiki zake wanamtazama asije akaonekana mwoga. Mchana, muulize hali, kisha sema jambo moja lenye kipimo: "Jirani, mtoto wangu ana mtihani mwezi huu. Ukishusha sauti saa tatu, sisi tutalala." Umempa saa na sababu. Ukimwambia "wewe ni mtu wa kelele" umempa jina, na atajitetea dhidi ya jina hilo badala ya kugusa kitufe.

Kwa kesha la kanisa, ongea na mzee wa kanisa na uombe spika zigeuzwe ndani. Ombi hilo hukubaliwa mara nyingi kuliko ombi la kunyamaza. Kwa matanga, ongea na msemaji wa familia, si na mwenye mitambo, na uongee kwa adabu ya mtu aliyekuja pia kutoa pole.

Yakishindikana, panda ngazi kwa utaratibu: mzee wa kijiji au kamati ya Nyumba Kumi, kisha chifu, kisha kaunti au NEMA. Andika tarehe na saa za kila usiku wenye kelele. Malalamiko ya majirani wanne yaliyosainiwa na yenye tarehe humpa chifu kitu cha kushika. Usilegee kwa kuogopa kuonekana mgomvi. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro, na chifu anayekaa na pande mbili chini ya mti anafanya kazi hiyohiyo.

Mbuzi, miwa, stima na wadudu

Mnyama kwenye omena au kwenye mahindi: piga picha ya hasara kabla hujaokota chochote, ita shahidi, mfunge mnyama bila kumwumiza na upeleke habari kwa mwenyewe na kwa mzee wa kijiji. Anayemkata mbuzi panga hubadilika papo hapo kutoka mdai kuwa mshtakiwa. Wauza omena wa ufuo mmoja wanaweza pia kuchanga kwa ajili ya uzio wa nyavu kuukuu, ambazo ufuoni hazikosekani.

Trela la miwa barabarani haliwezi kwenda haraka, na usiku mengine hayana taa za nyuma. Dereva wa trela hakuoni wala hakusikii. Honi yako inawafikia abiria wako tu. Ondoka mapema msimu wa mavuno, kaa mbali, na usipite kwenye kona kwa sababu ya dakika saba.

Stima zikipotea, piga 97771 na utaje nambari ya mita. Majirani wakipiga kila mmoja, hitilafu hujulikana ni ya eneo zima. Tokeni ina tarakimu 20, mwombe mwenye macho makali akusomee kabla hujaipiga mita konzi.

Wale wadudu wa ziwa wanaofunika taa na kuingia kwenye ugali hawaumi. Zima taa ya nje, funga dirisha saa moja jioni, na chakula kipakuliwe ndani.

Ndani ya nyumba

Kuna watu ambao sauti ya mwenzao akitafuna, akivuta chai au akibofya kalamu huwapandisha hasira ya ghafla isiyoelezeka, na huona aibu kuisema. Hali hiyo inajulikana, na mwaka 2001 Pawel na Margaret Jastreboff waliipa jina la misofonia. Kama una mtoto anayeziba masikio mezani au anayekataa kula na wengine, usimwadhibu kwa utovu wa adabu. Muweke mbali kidogo na anayemkera, redio iwe inalia kwa chini, na mweleze kwamba hayuko peke yake.

Kwa wazazi, saa ngumu kuliko zote ni ya kuingia nyumbani. Ukifika, usianze na ukaguzi wa nani amefanya nini. Oga kwanza, kula kitu, keti robo saa. Waambie watoto wazi: "Nimechoka, mnipe nafasi kidogo, halafu tutaongea." Watoto huelewa neno hilo, nao hujifunza kulitumia. Na ukishamfokea au kumchapa mtoto kwa kosa la bodaboda, mwendee siku hiyohiyo umwambie kosa halikuwa lake. Wako wazee wanaodhani kuomba mtoto msamaha ni kujishusha. Mtoto asiyeambiwa hivyo hubaki akitafuta alichokosea, na hakuna.

Bei ya kutojizuia nje ya nyumba iko kwenye Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Kuzua vurugu inayoweza kuvunja amani, kifungu cha 95, kifungo hadi miezi sita. Kumshambulia mtu hata bila jeraha, kifungu cha 250, hadi mwaka mmoja, na akiumia mwilini, cha 251 kinafika miaka mitano. Kuharibu mali ya mtu makusudi, kifungu cha 339, miaka mitano pia. Kuvunja kioo cha matatu kwa ajili ya hamsini kumeshaingia hapo.

Hasira ikiwa dalili

Wapo ambao wamejaribu yote haya na bado kila kitu kinawachoma. Hapo tusizungumzie tabia, tuzungumzie afya. Kwa wanaume hasa, sonona huonekana kama ukali: haoni huzuni, anaona watu wote wamekuwa wajinga. Maumivu ya muda mrefu, pombe na asubuhi inayofuata pombe, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na majonzi ya baada ya kujifungua, yote hujitokeza kwa hasira. Tafuta msaada kama hasira imedumu majuma zaidi ya mawili pamoja na kukosa usingizi au hamu ya chakula, kama umempiga mtu au unaogopa utampiga, kama watu wa nyumbani hunyamaza ukiingia, au kama unafikiria kujidhuru.

Pa kuanzia pako karibu kuliko inavyodhaniwa. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchi nzima, mikoba ya kazi yenye kipimo cha presha. Wa kijiji chako anaweza kukupima nyumbani na kukuelekeza. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Migori na nyingine mjini Homa Bay, na kwenye dirisha la usajili unaweza kusema tu kwamba unataka kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Si lazima umweleze karani zaidi ya hapo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure ya ushauri, 1199. Anayepigwa au kutishwa nyumbani apige 1195, na kwa mtoto ni 116, zote bure.

Kuongea na mtu aliyefunzwa kusikiliza si lazima kuwe kwa daktari. Nchini Zimbabwe, Dakt. Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa benchi la urafiki, ambamo akina nyanya hufunzwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliopitia benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umeshafika hadi Zanzibar. Vikundi vya akina mama na makanisa ya Rusinga, Uriri au Kuria vinaweza kuiomba zahanati ya karibu iwafunze wazee wao wachache namna hiyo ya kusikiliza.

Ukienda kuonana na mhudumu, mpelekee maandishi mafupi ya majuma mawili: siku, saa, kilichokuudhi, ulikuwa umelala saa ngapi, ulikuwa umekula nini, ulikunywa pombe au la, na nani aliangukiwa na hasira hiyo. Mpelekee pia dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Kwa karatasi hiyo ataweza kukuambia mengi kwenye kikao cha kwanza, na huenda wewe mwenyewe ukaona saa ileile ikijirudia kabla hujafika kwake.